Mkufu Uliosifiwa kwa Kiingereza

Asajile alimkuta Mama Ikupa kwenye duka la vitenge pale Tukuyu mjini, akimlalamikia mwenye duka kwamba wakwe wanatoka Dar kuja kwenye send-off ya binti yake, na yeye shingoni hana hata uzi. Asajile akasimama. Shida za watu zilikuwa zinamfungulia hamu ya kula.

Tumtendee haki. Huyu bwana alikuwa na kitu kimoja halali maishani, nacho ni Kiingereza. Suti ilikuwa ya kuazima, jina la MC Sajo alijibatiza mwenyewe, lakini Kiingereza kilikuwa kimenyooka. Ma-MC wenzake wakimsifia mtu aliyejipamba huishia kusema "very smart with gold". Sajo alisema: "She's wearing a chunky gold necklace that catches the light every time she turns her head." Hata kama hujui maana, unatafuta hiyo shingo iko wapi.

"Shikamoo, mama. Nina seti ya dhahabu. Mkufu, hereni na bangili. Na siku yenyewe nazisifia mimi kwenye kipaza sauti, kwa Kiingereza. Wakwe watashika adabu."

"Marahaba. Nitakulipa nini mimi, mwanangu, nauza ndizi."

"Nasikia una mtamba mwenye mimba."

Mama Ikupa akapiga hesabu. Ng'ombe mwingine hakuwa naye, na maziwa ya huyo ndiyo aliyoyategemea binti akishaondoka. Lakini wakwe ni wakwe.

"Ndaga, asante, mwanangu," alisema. "Utamchukua sherehe ikiisha."

Dhahabu yenyewe ilikuwa shaba iliyopakwa rangi. Na kwa kuwa Sajo hakupenda mali ikae bure, jioni ile ile alimuuza mtamba kwa Kasim, mchuuzi wa ng'ombe wa Masoko, akapokea hela yote, akaila.

Siku ya send-off Mama Ikupa aliingia na mtandio umezungushwa shingoni, mkufu juu yake. Sajo akashika kipaza sauti, akamwaga Kiingereza mpaka shangazi wa bwana harusi akavua miwani aifute. Kisha akatafsiri, ili hata waliotoka Kisondela na Ikuti wasipitwe: dhahabu tupu, haijachanganywa na chochote, yeye mwenyewe ni shahidi.

Mama Ikupa akaomba kipaza.

"Wakwe zangu, nilipatana na kijana huyu nimpe mtamba. Nimeona aibu. Mtu anisifie hivi, halafu nimtuze ng'ombe?" Akavua mkufu, hereni, bangili. "Namtuza dhahabu."

Ukumbi ukalipuka vigelegele. Wakwe walisimama. Hawajapata kuona mama mwenye roho ya namna hiyo, na ninyi msiwaambie.

Sajo akajaribu kurudi nyuma. "Mama, hapana, hizi ni zako."

Mama akamkumbatia, akalegeza mtandio kidogo, kwa ajili yake peke yake. Shingo ilikuwa na mstari wa kijani kuizunguka pande zote.

"Nilizijaribu Jumatano nikanyeshewa," akamnong'oneza. "Kuleta shaba Tukuyu, mwanangu, na mvua hizi? Haya, sema asante. Watu wanakutazama."

Sajo akasema asante. Akaisema kwa Kiingereza, kwa mazoea.

Alipofika mlangoni alimkuta Kasim amekalia ndoo, anamalizia pilau, kamba ya ng'ombe begani.

"Mtamba wangu yuko wapi?"

"Kaka, mambo yamebadilika, tena yamekuwa mazuri." Sajo akamnyooshea mkufu. "Chukua hii. Si umesikia mwenyewe nilivyoieleza?"

Kasim akaupima mkufu kiganjani, akamrudishia. Akafuta mikono taratibu, akasimama, akaanza kuikunjua ile kamba.

"Mimi Kiingereza sijui, ndugu yangu," alisema. "Nataka ng'ombe."