Injinia na Kompyuta Saba za Bibi

Injinia hakuwahi kusoma uinjinia, wala hakuna aliyewahi kumuuliza. Jina alijipa mwenyewe siku aliyonunua shati lenye mifuko minne, akachomeka kalamu kwenye mmoja na bisibisi kwenye mwingine, na tangu hapo watu wakamwita hivyo bila ubishi. Bisibisi ile haikuwa imewahi kukutana na skrubu. Kazi yake ilikuwa kuchungulia mfukoni.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi alikuwa na shida ya kweli, na shida yenyewe ilikuwa kochi. Alikuwa amefika kwa dada yake kulala siku mbili tatu tu, na sasa ulikuwa mwezi wa kumi na nne. Shemeji yake, dereva wa lori la mikate, mtu mpole asiyepandisha sauti hata akikanyagwa, alikuwa amemwambia juzi huku akikoroga chai: "Shemeji, Jumapili ikifika huna kazi inayoeleweka, nitakusaidia kubeba begi." Mtu mpole akisema hivyo, ujue begi limeshafungwa. Na Injinia alilipenda kochi lile kwa dhati. Hakuwa na mahali pengine popote pa kuweka mbavu zake.

Ndiyo maana alipopita chini ya jengo moja la ghorofa tano na kumsikia kinyozi akigombana na simu, masikio yalimsimama.

"Inazunguka tu!" kinyozi alikuwa akilalamika, ameinua simu juu ya kichwa cha mteja aliyenyolewa upande mmoja. "Natafuta picha ya mtindo mmoja tu. Huyu nywele zitaota upya kabla haijafunguka!"

"Jengo zima ndivyo lilivyo," alisema mteja, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa na upande wa pili wa kichwa chake.

Kwenye begi la Injinia kulikuwa na visanduku vitatu alivyoviunda kwa mikono yake mwenyewe, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizofanya mwaka ule. Kila kimoja kilikuwa kopo jeusi la plastiki lenye kamba ya taa za mapambo, betri, na kipande cha kigae cha sakafu, kwa sababu watu hawaamini kitu chepesi. Kwa nje alikuwa amebandika karatasi: KASI MARA TATU.

"Tatizo si simu yako, kaka," alisema, akaingia kama aliyeitwa. "Intaneti inafika hapa imechoka."

Kinyozi alimgeukia. "Imechoka?"

"Wewe ukipanda ngazi na gunia la saruji, utafika ukiimba? Nayo imetoka mbali. Inahitaji kitu cha kuipokea na kuituliza."

Akakiweka kisanduku juu ya meza, karibu na chanuo. Taa zikaanza: nyekundu, kijani, buluu. Wakati huohuo ile picha, ambayo ilikuwa imezunguka dakika kumi nzima na sasa ilikuwa imefika zamu yake, ikafunguka. Biashara iliisha hapohapo. Ni haki kusema kwamba kinyozi alifurahi sana, na furaha yake ilikuwa halisi kabisa. Kisanduku ndicho hakikuwa halisi.

"Panda na kwa bibi wa ghorofa ya nne," kinyozi alimwambia kwa ukarimu wa mtu aliyeingia mkenge na anayetaka wenzake nao waingie. "Alikuwa opereta wa simu enzi za kuchomeka waya kwa mkono. Amestaafu, sasa anacheza na kompyuta. Ana saba sebuleni, zimepangwa ukutani, wala hazitumii."

Saba! Injinia alipanda ngazi akiwa ameshazigawa. Moja angempa shemeji na kusema ofisi imemkabidhi. Sita zingekwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye huapa kwamba kompyuta kuukuu zina dhahabu tumboni. Kochi lilikuwa limepona.

Mlango ulifunguliwa na bibi mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na koleo kwenye mfuko wa aproni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani amekutuma?"

"Mtandao ndio umenituma, mama. Nimesikia unateseka."

Bibi alimkaribisha. Sebule ilikuwa safi, na kweli zilikuwepo: makasha saba makubwa yamesimama bega kwa bega, jeusi, jeupe, jingine la kijivu. Injinia alijilazimisha asiyatazame, akaweka kisanduku mezani na kukiwasha. Bibi aliinama, akavaa miwani yake vizuri, akakikodolea macho kwa muda ambao mteja wa kawaida angekuwa ameshatoa pochi.

"Taa zinawaka," alisema.

"Zinawaka, mama!"

"Na waya haujachomekwa popote."

"Hapo ndipo penye ufundi. Hakitaki waya."

"Na baada ya nyekundu huja kijani, baada ya kijani huja buluu. Kila mara."

"Nidhamu, mama. Kifaa kimelelewa."

Bibi alitikisa kichwa polepole, na Injinia akakuhesabu kule kutikisa kichwa kuwa ni kukubali. Kumbe yeyote aliyewahi kukaa mbele ya swichi ya kweli, ile ya kugawa mtandao, anajua kwamba taa zake hukonyeza pale tu kitu kinapopita, na hukonyeza ovyo, hii mara tatu, ile kimya. Taa za mtandao haziimbi kwaya. Lakini Injinia hakuwahi kukaa mbele ya swichi ya kweli, kwa hiyo alitabasamu.

"Kwa hiyo wewe ni fundi wa mtandao," alisema bibi.

"Tangu utoto."

"Basi Mungu amekuleta."

Akafungua mlango wa chumba cha pili. Kulikuwa na bunda la waya refu kupita kiasi, ngazi, na mfuko wa vichwa vya kuchomeka. Bibi akaeleza: alikuwa amevuta laini moja nzuri nyumbani kwake, akaunda mashine ya kuigawa, na nyumba nane za ghorofa yake na ya juu zilikuwa zinasubiri kuungwa. Ruhusa ya mwenye jengo ilikuwepo, waya ulikuwepo, na kila fundi aliyeitwa alisema kesho. Huu ulikuwa mwezi wa nne wa kesho.

"Magoti yangu yamekataa ngazi," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye huzuni. "Kichwa kinajua kila kitu, magoti hayataki kusikia. Nivutie waya nyumba nane, na zile saba zote ni zako. Leo hii. Zinanizibia ukuta tu."

Injinia alimeza mate. "Ningeanza kuzishusha, mama, halafu..."

"Ukimaliza."

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Cha darini hawakukisemea, labda kwa sababu hawakuwahi kuona dari ya jengo lile. Kulikuwa na vumbi la miaka, misumari iliyosahauliwa, na joto la kutosha kuivisha mkate. Injinia alitambaa humo kwa tumbo, shati la mifuko minne likageuka la mifuko mitatu, na kila alipofikiria kushuka na kutafuta kisingizio, alisikia kutoka chini kitambaa kikifuta vumbi kwenye makasha. Fss, fss. Akaendelea kutambaa.

Aliposhuka na ncha ya kwanza, bibi alimpa koleo. "Ndani kuna nyaya nane ndogo. Zinapangwaje?"

"Kwa heshima, mama. Wakubwa mbele, wadogo nyuma."

Bibi hakucheka, na hilo lilimgharimu. Alizipanga yeye mara moja, rangi baada ya rangi, akamwonyesha. Kisha akatoa kipimaji, kidude chenye taa nane, moja kwa kila uzi.

"Namba tatu na namba sita hazijawaka. Kata, rudia."

"Mama, si sita zimewaka? Sita katika nane ni ushindi."

"Kata, rudia."

Alirudia kichwa kile mara tano. Mara ya sita alijaribu kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: alisema hajaona mama mwenye macho makali namna ile, kwamba kizazi chake kimekwisha. Bibi alimshukuru kwa adabu, akamwambia namba sita bado.

Kati ya nyumba na nyumba walizungumza, yeye darini, bibi chini ameshika ngazi. Mtu aliyeunganisha simu za watu miaka thelathini anajua kuuliza swali moja na kunyamaza. Unaishi wapi? Kwa nani? Unalala chumba gani? Injinia, ambaye mdomo wake haukuwahi kujua kunyamaza, alimwaga yote: kochi, chai iliyokorogwa, begi, Jumapili. Saa sita mchana alikuwa ameshamweleza na habari za kigae, akizitia chumvi kidogo kana kwamba ni kisa cha rafiki yake.

"Huyo rafiki yako ni mbunifu," alisema bibi.

"Sana, mama. Ila hana bahati."

Ilipofika nyumba ya sita, jambo la ajabu lilitokea: taa nane ziliwaka zote kwa mkupuo mmoja. Nyumba ya saba vilevile. Nyumba ya nane, ya mshona nguo, mwanamke alitoka mlangoni ameinua simu juu. "Imefunguka! Jamani, namwona mwanangu anaongea na hakatiki!" Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Injinia alisikia kitu cha moto kikipanda kifuani. Alidhani ni njaa, akaomba mkate.

Jioni alishusha makasha yake, safari saba, ghorofa nne, mpaka kwenye mkokoteni. Yalikuwa mazito, maana vya zamani ni chuma kitupu. La mwisho, lile jeupe, bibi aliligusa kwa kiganja.

"Hili mpe shemeji yako. Ndani kuna kitu chake."

"Umeniheshimu, mama." Hakufungua hata moja. Aliyezoea kuuza vitu ambavyo mteja hatakiwi kuvifungua, naye hupoteza mazoea ya kufungua.

Dada na shemeji walikuwa wamekaa sebuleni aliposukuma lile kasha jeupe katikati ya zulia. Alijipangusa vumbi kwa madaha.

"Shemeji, uliuliza kazi. Ofisi imenikabidhi vifaa. Hiki ni chako."

Dada alishika kifua. Shemeji alizunguka kasha mara moja, akalichomeka kwenye umeme, akabonyeza. Hakikulia kitu.

"Inawaza," alisema Injinia. "Kubwa huanza kwa kuwaza."

Dakika tatu zilipita ikiwaza. Shemeji alitoka, akarudi na boksi la vifaa vya lori, akafungua ubavu wa kasha. Ndani hamkuwa na feni, wala diski, wala waya hata mmoja. Mlikuwa na hewa, na bahasha imebandikwa kwa gundi. Injinia alihisi kochi likimteleza chini ya mgongo, ingawa alikuwa amesimama.

Shemeji alisoma kwa sauti yake ileile ya kukoroga chai:

"Kwa dereva wa mikate na mkewe. Salamu sana. Hili kasha ni tupu na mengine sita ni matupu. Vya ndani nilishavitoa vyote, nikaunda mashine moja nzuri, na kwa mwaka mzima nimekosa wa kunishushia mabati haya ghorofa nne. Nimempata. Ndugu yenu hakuuliza kama yana kitu, nami sikutaka kumkatiza.

"Ila nathibitisha kwamba leo amevuta waya nyumba nane, na nyumba tatu za mwisho sikumrudisha hata mara moja. Nimefundisha watu wazima kazi hii; wengine walichukua mwezi. Jumatatu saa mbili asubuhi namsubiri. Ghorofa tatu za chini zimeshaomba, na watamlipa. Aanze na kinyozi, huyo bure, na sababu anaijua mwenyewe. Asipofika, nipigieni. Namba yangu iko chini, na simu sijawahi kuziogopa."

Kisha dada akaruka, akamkumbatia mdogo wake na vumbi lake lote. "Kazi! Yenye barua!" Shemeji aliikunja ile karatasi taratibu, akaiweka kabatini palipokaa cheti chao cha ndoa, akaanza kurekebisha saa ya mezani.

"Jumatatu nitakuamsha mwenyewe saa kumi na moja," alisema. "Nitakupitisha na lori."

Saa kumi na moja alfajiri! Injinia aliona maisha yake yote yaliyobaki yamelala kwa tumbo darini. Akakata shauri kufanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe.

"Jamani, nisikilizeni," alisema, na sauti ilimtetemeka kwa unyofu. "Mimi si fundi. Sijui chochote. Mimi ni tapeli! Kinyozi nimemuuzia kigae cha sakafu! Nauza uongo, shemeji, ndiyo kazi yangu!"

Dada alimfuta vumbi kwenye paji la uso. Shemeji alimtazama kwa heshima ambayo hakuwahi kumwonyesha miezi yote kumi na minne.

"Unaona?" alimwambia mkewe. "Mafundi wa kweli hawajisifu."