Mashine ya Salvator

Jumatatu, tarehe 4 Machi 1991
Andika, Xavérine, wewe uliyesoma. Wale wanafunzi wa Mwarimu Mutabazi wamerudi, na jina ya Salvator bado hawajaandika. Wanatafuta nani alileta mashine ya kwanza ya kusaga hapa Nyakabanda. Nimewaambia ni marehemu mume wangu, kwisha. Wakauliza nilijuaje. Salvator aliniambia mwenyewe, na hakuwahi kunidanganya, isipokuwa ile ya baiskeli. Hiyo baiskeli… acha, usiandike. Wakauliza kama niliona kwa macho. Mimi wakati ule nilikuwa Bujumbura kwa baba. Basi wakavuka barabara kwa muzee Nduwayo, fundi wa bati. Yeye anasema ni baba yake. Mwarimu amewafundisha eti mtu mmoja haitoshi, watafute wengine. Haya, wengine nitawapa. Sisi hatukupata mtoto. Nikifa, nani atataja Salvator?

Jumatano, tarehe 6
Nimepata watatu: Jovia anayeuza samaki ndogo za sambaza, Habimana kinyozi, na mama Kamikazi. Nimewapa uji, nimewafundisha neno kwa neno: nilimwona Salvator akishusha mashine, mvua ikininyeshea, kikapu ya maharage kichwani. Habimana anasahau maharage. Nimemrudisha mara nne.

Ijumaa, tarehe 8
Sielewi. Wote wamesema vizuri, wanafunzi wakacheka. Eti watatu walinyeshewa siku moja na kikapu ileile, hata Habimana, mwanaume mzima, tena hakuwa amezaliwa. Mwarimu akasema kila mmoja aulizwe alisikia wapi. Jovia: kwa mukecuru, ndiyo mimi bibi mzee. Habimana: kwa mukecuru. Mwarimu akasema midomo iko mitatu, shahidi iko mmoja, na huyo mmoja hakuwepo. Nduwayo akaniambia kwaya yangu inaimba vizuri, imebaki ngoma tu. Mimi nimehesabu watatu, na mimi wanne. Shule ya siku hizi haijui hesabu.

Jumapili, tarehe 10
Misa yote nimefikiri, sijui padri alisema nini. Kosa yangu ni maharage. Kila mtu ningempa kikapu yake. Lakini jana Nduwayo amemtolea mwarimu karatasi ya baba yake ya kununua mashine, ya zamani, iko na muhuri. Mwarimu akaishika kama hostia. Kumbe wanataka karatasi! Xavérine, chana ukurasa hapo katikati. Andika: mwaka arobaini na nane, Salvator ameleta mashine. Weka sahihi ya chifu, chifu yeyote. Tutaichovya kwenye chai izeeke… Nani anabisha hodi? Mwarimu? Mwambie nakuja. Wewe kaa hapo, chovya karatasi, geuza na upande wa pili.