Uzinduzi wa Wodi ya Watoto Waliochanganyikiwa Ghafla

Mheshimiwa mwenyekiti wa kikao, waheshimiwa wenyeviti wa vikao vidogo, madaktari bingwa, madaktari wasio bingwa, wauguzi, wazazi, nanyi watoto mlioambiwa msipige kelele: itifaki zilizosalia zijihesabu zimezingatiwa. (Makofi.)

Wodi hii tunayoizindua leo ni tunda la utafiti shirikishi nilioufanya sebuleni kwangu. Mjukuu wangu wa miaka minne aliamka akiimba, lakini kabla ya chakula cha mchana alikuwa ananiita shangazi, anatokwa jasho, anayumba kama mlevi, kisha akajilaza sakafuni macho wazi, haitiki. Kwa kuwa mimi ni mtu wa mchakato, niliunda kamati. Mpishi akasema ni malaria. Dereva akasema ni jicho la mtu. Mimi, kama mwenyekiti, nikaelekeza aachwe apumzike. (Makofi.)

Mke wangu, ambaye hakuwa mjumbe, akambeba mtoto. “Ukimaliza kikao utatukuta hospitali,” akaniambia. Nikaahirisha kikao, nikawafuata mbio, kiatu kimoja mguuni.

Daktari hakuuliza cheo changu, jambo nililomsamehe. Aliuliza kama mtoto ameanguka, ana homa, amepata degedege. Akamgusa shingo kuona kama imekakamaa, huku muuguzi akimtoboa kidole kupima sukari. Ilikuwa chini mno. Wakamtundikia dripu ya sukari papo hapo.

“Nyumbani kuna anayemeza dawa za kisukari?” daktari akauliza.

“Huyu hapa,” mke wangu akasema. “Anaziacha mezani. Nimesema mpaka nimechoka.”

Mtoto akafumbua macho. “Babu, peremende zako chungu.” (Minong’ono.)

Nililia, ndugu zangu, kilio cha kiutendaji. Wakamlaza kumwangalia hadi kesho yake, maana sukari ingeweza kushuka tena. Akarudi nyumbani mzima, kwa uongozi wangu. (Makofi machache.)

Ndipo nikaahidi vitanda arobaini, mfumo wa kidijitali, na asilimia mia na kumi ya watoto kupimwa sukari mlangoni. Afya ya mtoto! (Kwanza!) Wodi yetu! (Iko wapi?)

Nawashukuru wenye viti, wenye hema, na fundi aliyeshona utepe. Yule mama anayeuliza amlaze wapi mwanawe, dereva wangu atampeleka sasa hivi hospitali ileile ya zamani, kwani nyuma ya utepe huu ni uwanja wa mpira, na timu zinasubiri nimalize.