Ramani Rasmi ya Uyoga wa Serra Fosca

Kwa niaba ya Baraza la Wilaya ya Serra Fosca, ninayo heshima kubwa kuutangazia umma wa Katalunya, na dunia nzima kwa jumla, kwamba wilaya yetu hatimaye imeandikwa. Kitabu kinaitwa Jiografia, Historia na Uchumi, na kina picha ya Mheshimiwa Rais wa Baraza mwanzoni, katikati na mwishoni. Mimi ni Ermengol Sabaté, katibu wa Baraza. Hakuna ukurasa ambao sikuupiga muhuri kwa mkono wangu mwenyewe.

Jiografia haikutusumbua. Tulithibitisha kwamba milima ipo palepale na kwamba mto unapita bondeni, hoja ambayo Kamati Ndogo ya Mto iliipitisha bila kupingwa. Historia nayo ilikwisha upesi, tulipokubaliana kuziacha zile karne ambazo tulishindwa vita. Kasheshe ilianza kwenye Uchumi.

Mizeituni tuliihesabu, mizabibu tuliihesabu, nguruwe walihesabiwa wakipiga kelele. Lakini ukifika Oktoba, nusu ya uchumi wetu huingia msituni alfajiri na kikapu, kisha hurudi umefunikwa kitambaa. Nazungumzia uyoga, ule wa rangi ya chungwa tunaouita rovelló, ambao mtu wa huku akiukosa msimu mzima huanza kutafuta daktari. Hapa kwetu jirani atakwambia mshahara wake, maradhi yake na aibu za shemeji yake, lakini hatakwambia anakochuma uyoga. Wapo waliokufa bila kuwaambia hata watoto wao, na watoto wakawaheshimu zaidi.

Mheshimiwa Rais, Baldiri Casademunt, aliona hali hii haikubaliki katika taifa la kisasa. Yeye ni mjukuu wa watu wa hapa ila amekulia Barcelona, kwa hiyo anatupenda kwa mbali. Akatoa Tamko. Kila mtu mzima atafika mbele ya Kamati ya Uyoga na kuweka kidole kwenye ramani, mahali hasa anapochuma. Kifungu cha nne alikitunga mwenyewe: mahali patakapotajwa na wengi patakuwa Hifadhi ya Uyoga ya Umma, wazi kwa yeyote mwenye kikapu, na mwenye ardhi haruhusiwi kufunga geti mpaka msimu uishe. Mahali patakapotajwa na mtu mmoja tu patafutwa, kwa kukosa ushahidi.

Sasa, wapo watu wenye midomo mirefu waliodai kwamba Tamko lilimlenga shangazi yangu Remei. Shangazi ana mgahawa pale Ribalta, na uyoga wake unawatoa watu machozi. Mheshimiwa alikuwa amejenga hoteli kubwa chini ya msitu wa Obaga, hoteli ambayo mpaka leo wageni wake ni popo. Na ni kweli kwamba Oktoba iliyotangulia alimfuata shangazi kwa gari, taa zimezimwa, mpaka akamwona anaingia Obaga na kikapu. Akaamini wilaya nzima inaijua siri hiyo na itanyoosha kidole kule kule. Msitu utangazwe, watu wa mjini wamiminike, hoteli ijae. Mimi kama mtumishi wa umma niliona mpango huo una upana wa mawazo.

Shangazi hakuuona upana. Nilipokwenda kwake kunywa chai aliniwekea mkate mkavu, bila nyanya, bila mafuta, na akasimama mbele yangu na mwiko.

"Ermengol, nimekulisha tangu hujaota meno. Obaga ikiingia kwenye ramani yenu, watu wa Barcelona wataufagia msitu kwa wiki moja. Mimi nitapika nini? Mawe?"

"Shangazi, sheria ni sheria."

"Haya. Basi sheria na ikupikie."

Akaniambia bila kupandisha sauti kwamba msitu ukienda, atafunga mlango na kuhamia kwa binti yake mjini Lleida, kwenye ghorofa lisilo na hata dirisha la kuangalia mlima. Roho iliniuma, siwezi kuficha. Nilirudi ofisini na njaa, nikagonga mihuri kwa uchungu.

Kamati ilikaa Septemba nzima, kwa siri kubwa, maana Mheshimiwa aliagiza matokeo yafungwe mpaka siku ya uzinduzi. Wa kwanza kuingia alikuwa Isidre Ferrús, dereva wa trekta. Aliitazama ramani muda mrefu, akauliza kaskazini iko wapi, akavuta pumzi kama mtu anayekiri dhambi, kisha akaweka kidole gumba katikati ya bustani ya nyumbani kwa Mheshimiwa Rais.

Nikamuuliza kama ana uhakika.

"Bwana katibu, tunachuma pale tangu enzi za babu."

Bustani ile ni ya nyasi, ya pekee wilayani, na ilipandwa mwaka juzi. Humwagiliwa na mipira inayozunguka yenyewe hata wakati sisi wengine tumekatiwa maji. Lakini Kamati haina mamlaka ya kubishana na babu wa mtu, kwa hiyo nikaandika. Akaingia mke wa mwokaji mikate, akaonyesha palepale. Akaingia padri, akajifuta miwani, naye palepale, karibu kidogo na bwawa la kuogelea. Ikawa hivyo kijiji baada ya kijiji.

Mgeni anaweza kudhani walikula njama. Wala. Ni malezi tu. Mtu wa Serra Fosca akibanwa sana aseme anakochuma uyoga, hutaja shamba la mtu asiyempenda, ili watu wakakanyage huko. Kila mmoja alijibu kivyake kwa adabu aliyofundishwa na mama yake. Mheshimiwa angelelewa huku angelijua hilo, na mimi ningemwambia, ila nilikuwa nimekula kiapo cha siri, na kiapo si kitu cha kuchezea.

Siku ya uzinduzi bendi ilipiga, na Mheshimiwa akapanda jukwaani pale uwanjani Ribalta. Shangazi Remei alisimama nyuma kabisa, mikono ndani ya aproni, uso umesawijika. Mheshimiwa akavuta kitambaa kilichofunika ramani. Kwenye nyumba yake palikuwa na doa jekundu la ukubwa wa sahani. Obaga palikuwa na kidoti kimoja tu, kidole chake mwenyewe, alichokiweka siku ya Tamko kutuonyesha mfano.

Nikasoma kifungu cha nne kwa sauti, kama utaratibu unavyotaka. Bustani ya Mheshimiwa ikawa Hifadhi ya Umma. Obaga ikafutwa kwa kukosa ushahidi. Watu walipiga makofi kwa nidhamu ya hali ya juu. Mheshimiwa akaniinamia sikioni.

"Ermengol, futa hiyo."

"Mheshimiwa, muhuri umeshakauka."

Jumapili magari yalifika kutoka Barcelona mpaka barabara ikaziba. Mheshimiwa alitoka na vazi la kulalia, akawaeleza kwa upole kwamba hapo hakuna uyoga, ni nyasi tupu, aliyezipanda ni yeye. Mstaafu mmoja mwenye kikapu kipya alimkonyeza.

"Tumekuelewa, mzee. Ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo."

Habari kwamba mwenyewe anakana ziliwafikia waliokuwa bado njiani, nao wakaongeza mwendo. Kufika adhuhuri nyasi zilikuwa zimefunuliwa zote, bwawani wanaogeshwa mbwa, na kwenye jiko la Mheshimiwa kuna familia inachoma soseji kwa jina la umma.

Akaja mgahawani kwa shangazi kwa miguu, maana gari lilizibwa. Mimi nilikuwepo, nimeshasamehewa, mkate wangu una nyanya na mafuta. Shangazi alimvutia kiti. Alimwekea sahani ya uyoga uliokaangwa na kitunguu saumu, unafuka moshi. Mheshimiwa alikula, akapangusa sahani kwa mkate mpaka ikang'aa. Nilimwonea huruma, kwa kweli. Kisha akainua macho, na mgahawa mzima ukaacha kutafuna.

"Mama Remei, uyoga huu umeuchuma wapi?"

"Bustanini kwako, Mheshimiwa."

Akanigeukia mimi. Nikamthibitishia, kama katibu, kwamba jibu hilo linalingana kikamilifu na ramani iliyosainiwa naye, na akaomba aongezewe sahani nyingine.