Uso Wangu Ulioganda Kwenye Kompyuta

Jumatatu, 4 Machi
Jana niliaibika. Mwanangu wa kiume alipiga simu ya video kutoka ng'ambo. Nikakaa mbele ya kompyuta ya sebuleni, kilemba kipya kichwani, nikamwimbia mjukuu. Ana mwaka mmoja, ndiyo kwanza anaanza kutamka. Picha yangu ikaganda huko kwao! Mdomo wazi, jicho moja limefumba. Mtoto akaangua kilio. Akatokea kwenye simu hiyohiyo bibi yake wa upande wa pili, yule ninayemwita Bi Meno, picha safi kama kioo. Mtoto akacheka! Jumapili watapiga tena. Neno "bibi" liko kwenye ncha ya ulimi wa yule mtoto. Alipate Bi Meno kabla yangu? Labda niwe nimeshazikwa.

Jumanne, 5 Machi
Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ambao naishi nao, kapima kasi ya intaneti. Kasema tuliahidiwa mia, ila kwenye waya wa kompyuta inafika saba. Nikamuuliza tisini na tatu ziko wapi. Kasema huenda ruta imechoka. Kisanduku kinachokaa kutwa juu ya kabati, kimechoshwa na nini? Huu ni wizi. Jirani yetu Kipara ana antena tatu juu ya paa. Mtu mmoja!

Jumatano, 6 Machi
Nimesimama mlangoni kwa Kipara, nikamwambia arudishe tisini na tatu. Akauliza tisini na tatu za nini. Nikamwambia anajua mwenyewe. Kumbe antena ni za redio zake, intaneti hana kabisa. Akanipa kiti, nikakataa. Baadaye nikakaa, lakini ni kwa ajili ya magoti, si kwa ajili yake.

Alhamisi, 7 Machi
Leo nimetumia akili. Ruta ina nyaya mbili: wa kompyuta, na wa printa ya binti yangu. Nikachomoa wa printa, yote ije kwangu. Wapi! Nikaweka vitabu viwili chini ya ruta, ikainama upande wa waya, ili intaneti iteremke. Wapi tena! Jioni binti akapiga kelele kwamba kazi zake hazichapiki. Nikamwambia apunguze sauti, mimi ndiye niliyemzaa. Akasema kuzaliwa na mimi ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Mdomo ule sijui kautoa wapi.

Jumamosi, 9 Machi
Fundi kaja. Msichana mwenye kucha ndefu. Nikamuuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Akacheka, akasema, bibi, ndiye huyu. Hakugusa ruta. Akaufuata waya kwa mkono: nyuma ya kochi, ukutani, mpaka kwenye cherehani yangu. Mguu wa chuma umeukalia waya, umekuwa bapa kama utepe. Akasema baadhi ya nyuzi za ndani zimekatika. Akauliza nani kaweka cherehani pale. Wote wakanitazama! Ndiyo, ni mimi, mwezi uliopita, ili watu wasijikwae. Shukrani ndiyo hiyo. Mkwe akaanza kukohoa, eti vumbi. Vumbi gani, nimefagia mwenyewe asubuhi! Fundi akafunga waya mpya, akapima: tisini na sita. Nikamuuliza nne kamwachia nani.

Jumapili, 10 Machi
Ushindi! Picha haikutikisika. Mtoto akanikodolea macho, nami nikasogeza uso karibu. Halafu akasema: "Bi-bi." Mbele ya watu wote! Bi Meno anadai mtoto alikuwa anacheua. Wivu huo. Mwanangu kasema kasikia vizuri, nami nimelia kidogo, na nimemwambia mkwe ni vumbi.

Jumatatu, 11 Machi
Fundi yule hajui usafi. Kaacha waya mpya unaning'inia ukutani kama utumbo. Wote walipotoka kwenda kazini, nimechukua nyundo nikaupigilia, kutoka kwenye ruta mpaka kwenye kompyuta. Misumari kumi na minne, imenyooka kama mstari wa rula. Mmoja umepita katikati kabisa ya waya, na huo ndio ulioshika kuliko yote. Jumapili nitamfundisha mtoto neno la pili.