Ombi la Wakazi wa Kitaya Kuhesabiwa Kuwa Magunia ya Korosho

Kitaya,
14 Oktoba 1968

Ndugu Katibu,
Kamati ya Njia za Mabasi,
Mtwara.

Ndugu Katibu,

Pokea kwanza salamu za Kitaya, malalamiko yanafuata. Huku tu wazima, mto umepungua, na korosho zimeanza kuanguka. Naandika kwa niaba ya mkutano wa kijiji wa Jumamosi iliyopita, uliohudhuriwa na watu sitini na wanane. Walinichagua mimi kwa sababu ni karani wa mizani na kalamu ninayo tayari.

Tumepokea kwa utulivu uamuzi wa Kamati kwamba basi jipya litatoka mjini, litapita Naliendele, na kuishia kwenye ghala la Bwana Josephu Lukanga, maili kumi na mbili kabla ya kufika kwetu. Hatupingi. Tunafahamu kuwa Bwana Josephu, ambaye ndiye mwenye basi, alikuwa akiisaidia Kamati tu. Tunachoomba ni marekebisho madogo ya uandikishaji. Nitayataja baada ya kueleza jinsi tulivyoyafikia.

1. Kamati haikuwa na mahali pa kukutana, kwa kuwa paa la ofisi linavuja. Bwana Josephu akatoa baraza la nyumba yake. Kamati haikuwa na ramani. Bwana Josephu akatoa yake, ile iliyotundikwa sebuleni. Nimeiona, ni ramani nzuri. Lakini ilipotiwa kwenye fremu ilizidi kioo, na seremala akaipunguza kwa mkasi upande wa chini, inchi mbili. Katika inchi hizo mbili zilikuwamo Kitaya, Kilambo na Mto Ruvuma wote. Kwa hiyo wajumbe walipoandika kwamba kusini mwa ghala hakuna makazi, hawakusema uongo. Waliandika walichokiona. Tunashukuru tu kwamba fremu haikuwa ndogo zaidi, maana Naliendele nayo ingekwenda.

2. Kamati ilitaka pia kuwahesabu wanaotembea kwa miguu katika barabara ya kwetu. Gari la Kamati lilikuwa juu ya matofali. Bwana Josephu akatoa Land Rover yake ya kijani, na mkwewe wa kushika daftari. Sasa, wewe ni mtu wa ofisini na huenda hujui kwamba gari la wakusanya kodi ya kichwa nalo ni Land Rover ya kijani. Wanaume wa huku wakisikia mlio wake huingia kwenye mikorosho wakatulia, na wake zao huwafuata na maji. Mkwe wa Bwana Josephu alihesabu watu watatu siku nzima. Mmoja ni kiziwi, wa pili alikuwa amekwisha kulipa, na wa tatu ni padre. Siku ya pili yake nilikaa mimi kando ya barabara hiyo hiyo, bila gari, tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni. Nilihesabu watu mia mbili na kumi na wanne na baiskeli thelathini na moja. Daftari ninalo.

3. Katika basi lenyewe Kamati haihesabu watu, inahesabu viti vilivyokaliwa. Jumanne iliyopita nililipanda pale ghalani. Lina viti arobaini. Thelathini na sita vilikaliwa na magunia ya korosho ya Bwana Josephu, mengi yake upande wa dirishani. Taarifa ya Kamati inasema basi hujaa kila siku na abiria hawajatoa lalamiko lolote. Taarifa hiyo ni sahihi. Nilimwuliza kondakta, anayeitwa Mathayo, kwa nini gunia likae na mtu asimame. Akanijibu mbele ya watu: "Mzee, gunia halitapiki. Haliniulizi tutafika lini. Na gunia halijawahi kuniambia mjomba wake ni polisi." Bibi Conceicao, ambaye umri wake yeye mwenyewe anaukadiria kuwa sabini, alisimama hadi Naliendele akiwa amelikumbatia gunia moja ili lisianguke kwenye kona. Aliposhuka Mathayo alimwambia, "Asante bibi, njoo na kesho."

4. Mwisho wa njia pamejengwa kibanda cha bati, kwa kuwa korosho ikilowa hushuka daraja. Sisi tunangoja nje, kwa kuwa hatuna daraja la kushuka. Mkazi wa pale ni mmoja tu, Juma, mlinzi wa ghala. Basi humfikia mara mbili kwa siku, naye hawezi kulipanda kwa sababu analinda.

5. Hili ndilo lililotufanya tuandike sasa na si baada ya mavuno. Amelia, mke wa mdogo wangu Adelino, ana mimba ya miezi minane. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa, na daktari ameandika kwenye kadi yake kwamba awe karibu na hospitali kabla ya tarehe 25 ya mwezi huu. Adelino alimpeleka ghalani kwa baiskeli mara mbili. Mara ya kwanza basi lilikuwa limejaa korosho. Mara ya pili palikuwa na nafasi, likaletwa gunia lililochelewa. Mathayo alimpa pole. Alisema kama ingekuwa amri yake angemchukua, lakini kila gunia lina hati na Amelia hana.

6. Kutokana na hayo, mkutano uliona kwamba tumekuwa tukidai kitu kisichokuwapo. Tulikuwa tukiomba abiria watendewe sawa na abiria wenzao, na kumbe katika njia hii abiria ni korosho. Azimio linahimiza usawa, nasi tunaliunga mkono. Kwa hiyo tunaiomba Kamati ituhesabu wakazi wote wa Kitaya kuwa magunia ya korosho, kwa masharti haya ambayo tumeyakubali wenyewe. Tutapimwa kwenye mizani ya kijiji. Gunia halali ni ratili mia moja na sabini na sita, na wengi wetu hatufiki, hivyo wembamba watapanda wawili wawili kwa hati moja. Tutakubali kupangwa madaraja. Hapo palikuwa na kelele kidogo, kwa sababu Petro, fundi wa baiskeli, alisema hakubali kuwekwa daraja la pili, na mke wake akamwambia, "Wewe una matundu ya funza miguu yote miwili, shukuru usipotupwa." Bibi Conceicao ameomba ashonwe kwa uzi mpya wa katani na si kwa ukambaa, na kwamba mdomo wa gunia uachwe wazi kwa sababu ana mambo ya kumwambia kondakta. Tukishatambuliwa tutapata kiti, dirisha, kibanda cha bati na hati. Tena njia itabidi ifike Kitaya, kwa maana hakuna mfanyabiashara anayeacha mzigo wa kijiji kizima ukae maili kumi na mbili kutoka kwenye basi lake.

Tunaamini Kamati haitapata taabu, kwani hakuna cha kubadilisha ila maandishi. Wasalimie wajumbe wote, mpiga chapa wako, mlinzi wa ofisi, na mkwe wa Bwana Josephu, ambaye mwandiko wake tumeusifu. Watoto wa shule wanakusalimu. Padre naye anakusalimu, na anauliza kama kule kuhesabiwa kwake bado kunafaa.

Niko chini ya maelekezo yako,

Constantino Chilumba
Karani wa Mizani, Kitaya

Nyongeza, Jumanne 22 Oktoba. Barua hii ilikuwa haijaondoka Mathayo alipopita kijijini kutembelea ndugu, akasomewa nambari ya 6, akaipenda. Alisema hana haja ya kuingoja Kamati, yeye anataka hati tu. Nikamwandikia Amelia hati: gunia moja, ratili mia moja thelathini na nane, daraja la kwanza, libebwe kwa uangalifu. Jana alipanda pale ghalani. Alikaa dirishani mpaka mjini na hakuna aliyemsumbua. Basi lilipofika mbele ya hospitali akaomba kushuka. Mathayo akamwambia mzigo haushuki njiani, unashuka palipoandikwa. Nami, kwa kuwa nimeandika hati za korosho miaka tisa, mkono ulikuwa umeandika palepale unapoandika siku zote: bandarini. Tangu jana Amelia yuko katika ghala la Bwana Josephu la huko. Karani wa ghala, Bi Magreth, amempa kiti, mto wa kuegemea na chai, na anamwita dada. Lakini hawezi kumtoa bila sahihi ya mwenye mzigo, na mwenye mzigo, kwa hati zote za basi lile, ni Bwana Josephu, aliyekwenda Dar es Salaam kuwaeleza wakubwa jinsi njia yetu ilivyopangwa. Amelia amenitumia kikaratasi: "Shemeji, kiti nilichokuwa nakitaka nimekipata. Sasa nitoe." Kwa hiyo tunaifuta nambari ya 6 na sababu zake zote. Tunaomba tuhesabiwe kuwa watu kama zamani, tukitembea kwa miguu, na kwamba cheti cha kuthibitisha hivyo kitolewe haraka, kwanza cha Amelia. Nakusihi, Ndugu Katibu, ujibu kabla ya Alhamisi, kwa sababu meli ya korosho inapakia Alhamisi.