Barua Nane kwa Mke Mmoja

Jumatatu, tarehe 4 Machi. Mwaka mmoja, miezi miwili na siku tisa tangu niondoke nyumbani.

Naanza shajara. Kijitabu cha kwanza cha masomo kinamshauri mwanafunzi mtu mzima aandike kila siku, hata mistari mitatu. Kijitabu hicho ninacho tangu Oktoba. Nimefika ukurasa wa tisa. Ukurasa wa nane ulikuwa picha.

Kazi yangu ni kuchanganya zege. Jengo litakuwa la ghorofa saba, tuko ya tano. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, sikumbuki nani alianza. Haya masomo ya mbali nilijiunga kwa simu, nimekaa juu ya mfuko wa saruji, wakati wa mapumziko. Kujiunga kulikuwa rahisi. Wangetoa cheti cha kujiunga, ningekuwa nimeshamaliza.

Shida ni mama watoto. Anajua niko kijitabu cha nne. Nilimwambia mwenyewe. Aliniuliza siku ambayo mtandao ulikuwa mzuri, nikakosa cha kusingizia. Sasa amenunua fremu ya cheti na kuitundika ukutani ikiwa tupu. Watoto wanachania nywele kwenye kioo chake.

Leo Mwalimu amepiga simu kutoka kituo cha masomo. Ni mama mwenye sauti ya upole, jambo baya sana, maana huwezi kumkasirikia. Amesema watu wazima wakisoma peke yao hupotea njiani, na mimi nimepotea miezi mitano. Nikikusanya kikundi cha watu wanane hapa kazini, na wote wanane wakatuma zoezi la kwanza kabla ya Alhamisi tarehe 14, atakuja kutufundisha kila Jumamosi, na mimi ataniandikisha kwa mtihani wa Juni. La sivyo jina langu linafutwa.

Nimemwambia wanane ni wachache. Sijui kwa nini huwa nasema hivyo.

Jumanne, 5 Machi

Tangazo nimelibandika kwenye mlango wa stoo: MASOMO YA WATU WAZIMA. HAKUNA KUSOMA SANA. Kufika saa nne Nondo alikuwa ameongeza kwa chaki: Sasa kuna nini? Nondo ndiye anayefunga vyuma, na analala kitanda cha chini yangu. Mdomo wake haujawahi kupumzika.

Nikaona tangazo halivuti mtu. Nikaingia foleni ya chakula na daftari. Kila mtu nilimpa alichotaka kusikia. Mafundi bomba wawili niliwaambia mwenye cheti habebi mabomba, anayanyooshea kidole. Dereva wa winchi nilimwambia mafundi bomba wamejiunga. Fundi rangi nilimwambia dereva wa winchi amejiunga. Babu Lango, mlinzi wetu, mzee asiyewahi kuoa, nilimwambia kutakuwa na chai. Nondo alijiandikisha ili aone nitaishia wapi.

Mama Mpishi peke yake ndiye aliyenisumbua. Ameuliza mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuinjika maji ya watu sitini anaweza kusoma kurasa ngapi kwa siku. Nikamwambia asihangaike na kurasa, atie sahihi tu. Akaniangalia kama anavyomwangalia muuza nyama anayeapa. Akatia sahihi.

Saba, na mimi wa nane. Vijitabu alivyotuma Mwalimu nimevigawa. Kazi imekwisha.

Ijumaa, 8 Machi

Mkutano wa kwanza, saa kumi na moja jioni, nyuma ya rundo la matofali. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Amekuja Babu Lango. Ameulizia chai.

Nimewakuta wengine jikoni. Nimesimama mlangoni nikaona mambo. Mama Mpishi anapakua huku akimuuliza kila mmoja, umefika ukurasa gani, baba? Anayesema hajaanza anaambiwa akae pale kwenye benchi karibu na dirisha, asome aya moja, chakula chake kitafunikwa. Dereva wa winchi, mtu mzima mwenye kitambi, alikuwa anafuata mstari kwa kidole. Alipokwama kwenye neno, Mama Mpishi alikuja na mwiko mkononi, naye hajui, wakamuuliza fundi bomba mmoja, wakabishana watatu mpaka likaeleweka.

Hayo kwangu ni mapinduzi. Nikamvuta pembeni na kumkumbusha kwa heshima kwamba kiongozi wa kikundi ni mimi. Amesema, ongoza basi, baba, mimi napakua tu. Kisha akaniuliza nimefika ukurasa gani. Nikamwambia chakula kinapoa.

Jumapili, 10 Machi

Nimesoma zoezi la kwanza. Mwandikie barua mtu umpendaye, umweleze kwa nini umerudi kusoma.

Zimebaki siku nne. Nimewapima wenzangu kwa macho. Watu waliochoka, mikono imekakamaa kwa kazi, wataandika barua saa ngapi? Kuwauliza ni kuwaaibisha. Mmoja akikosa, wote tumekosa, na jina langu limefutwa, na mama watoto amebaki na fremu.

Nimepata mpango. Sitamwambia mtu. Kumsaidia mwanafunzi ni kumwondolea mzigo, na mimi mizigo ndiyo kazi yangu.

Jumanne, 12 Machi

Barua zote nane nimeziandika mwenyewe, jana na leo, saa za mapumziko, ndani ya kontena la mbao. Ya Nondo mwandiko umelalia kulia. Ya dereva wa winchi umelalia kushoto. Ya Babu Lango nimeandika kwa mkono wa kushoto, na ni kweli inafanana na babu.

Zimenijia vizuri ajabu. Nimeandika juu ya harufu ya mvua uani kwetu, na mtoto wa mwisho anayelala ameshika sikio la mama yake, na aibu ya kumpa mtu mwingine barua yako akusomee. Kila moja niliianza “Mke wangu mpenzi,” maana sina mtu mwingine ninayejua kumwandikia. Ya Mama Mpishi pia.

Yangu ilikuwa ya mwisho. Nilikuwa nimeishiwa. Nimeandika: Mimi ni mzima. Nasoma vizuri.

Nimezipiga picha na kumtumia Mwalimu. Mkono unauma kuliko siku ya kumwaga zege.

Alhamisi, 14 Machi

Mwalimu amepiga saa ya chakula. Kwa mbwembwe zangu nikaweka simu kwenye spika, juu ya meza, kikundi kizima kisikie sifa.

Amesema amepokea barua kumi na tano.

Kumbe wale saba waliandika zao, kwenye benchi la dirishani, na kuzituma jana. Hakuna aliyeniambia. Hakuna niliyemuuliza.

Mwalimu, kwa sauti ile ile ya upole, ameomba afafanuliwe mambo mawili. Kwanza, Mama Mpishi ana mke? Pili, Babu Lango, ambaye kwenye barua moja anamwandikia dada yake kwamba hakuoa, mbona kwenye nyingine ana watoto watatu? Nondo alisimama akampa mzee mkono wa hongera, akamuuliza wa mwisho anaitwa nani. Babu Lango amesema hajui, amwulize baba yao, akaninyooshea kijiko. Mafundi bomba walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

Kisha Mwalimu amesema jambo ambalo bado linaniwasha. Zile saba za kughushi ni nzuri mno. Ya nane, yenye jina langu, ndiyo mbaya kuliko zote. Ameuliza kwa nini. Nimesema mtandao.

Kwa hiyo waliotimiza ni saba. Kikundi kinavunjika kwa sababu ya mtu mmoja, kiongozi. Mama Mpishi akainama kwenye simu akamwomba Mwalimu anipe mpaka Jumatatu. Amekubali. Barua moja, ya kwangu, ya kweli. Baadaye Mama Mpishi ameniambia, kaa dirishani, mwandikie mwenzio uko ukurasa gani, hutakufa. Wamemchagua yeye kuwa kiongozi. Kura saba. Ya nane nilijipigia.

Jumamosi, 16 Machi

Tangu asubuhi, kila mapumziko, nimekaa dirishani. Nimeandika: “Mke wangu mpenzi, nilikudanganya. Niko ukurasa wa”. Kalamu ikasimama. Kutaja ukurasa wa tisa ni kazi ngumu kuliko ndoo arobaini za zege hadi ghorofa ya tano.

Karatasi nimeikunja nikaitia mfukoni. Halafu nikaona mambo kwa uwazi. Kosa langu lilikuwa kuandika zote mwenyewe. Barua yangu inatakiwa iandikwe na mtu mwingine.

Nondo amekubali. Nitambebea vyuma vyake siku tatu. Ameuliza aandike nini, nikamwambia aandike ya moyoni, tena ya kweli, ila ataje kijitabu cha tano.

Jioni nimempigia mama watoto. Nimemweleza kwamba kikundi kimekua mpaka nimelazimika kumpa mtu mwingine uongozi. Amefurahi. Ameuliza nitakuja lini. Nimemwambia aandae watoto, Jumamosi tarehe 29 Juni nitakuwa mlangoni kabla ya chakula cha mchana, cheti mkononi. Nondo anasema kesho ataanza kuandika.